Kigego

Mgonjwa wa mwisho ameletwa ndani ya katoni ya biskuti,
amevingirishwa khanga kuukuu na gazeti la mwezi jana.
Saa tano na robo usiku. Mtwara imelala,
jenereta ya hospitali inakoroma peke yake,
na Dakta Nampanda ananisihi, mara ya tatu sasa,
nisimtikise.

Ni taya la juu.
Limetoka machimbo ya chokaa; wenzake walidhani pembe.
Likoloma, ambaye sururu yake ndiyo iliyoligonga,
amelisindikiza. Amekaa benchi la ndugu wa wagonjwa,
kofia ya plastiki magotini,
kama anayesubiri kuambiwa ni damu ya kundi gani inatakiwa.

Mashine haianzi bila jina.
Naandika: Paka.
(Dakta ana jina lake jingine, refu, la vitabuni. Nafasi haitoshi.)
Jinsia: Ke. Sijui kwa nini.
Umri: inakubali tarakimu tatu tu. 999.
Kitanda kinaingia kwenye duara,
na ile sauti iliyorekodiwa inamwambia kama inavyomwambia kila mtu:
Vuta pumzi. Izuie.
Nyuma ya kioo, Likoloma naye akaizuia.

Vipande mia nne, vyembamba kuliko ukucha wa kichanga,
mfupa ukikatwa pasipo kukatwa.
Kulia, chonge:
jambia lililopinda, refu kuliko kiganja changu,
limekaa sawa kwenye ala yake.
Kushoto
(narudi nyuma vipande kumi, naenda mbele, narudi tena)
kushoto jambia limelala.
Halikutoka kamwe. Limejilaza kimshazari ndani ya mfupa
kama mtu aliyeambiwa abaki chumbani hadi wageni waondoke.
Na mlangoni pake, jino la utoto,
dogo, limesagika karibu na fizi,
limefanya kazi ya kakaye maisha yote.

"Hitilafu ya uotaji," anasema Dakta, kalamu inakimbia.
Kwetu tuna neno fupi zaidi.

Mimi nilitangulia kuota ya juu.
Mama yangu, Binti Nambute, aliyaona alfajiri moja kule Nanguruwe:
mawili, punje za mchele zilizopotea njia.
Alijua. Kigego hula watu wake, walisema.
Kigego halelewi.
Akanifunga kifuani, uso ndani, wiki kumi na moja.
Ana mafua, aliwaambia. Macho yanamuuma. Ana haya huyu.
Nilipomng'ata alinyamaza.
Mpaka ya chini yalipochomoza ndipo akanikalisha mkekani
mbele ya mama mkwe wake, akasema,
Tazameni basi, anacheka.

Haya nilisimuliwa na miaka thelathini na mbili,
jioni tuliyotoka kumzika yule mama mkwe.
Mama alikuwa anaosha masufuria. Hakugeuka.

Nauliza: huyu aliishi?
Dakta anaweka kidole kwenye kioo, pale jino lilipolika.
"Aliishi. Alikula miaka mingi, upande mmoja.
Kuwinda, sidhani sana. Pengine mabaki."
Mabaki ya nani? Nani alimwachia?
"Hilo mashine haisemi, Somoe."
Na kweli haikusema. Nilivizungusha vile vipande
hadi saa saba, mfupa mweupe juu ya weusi,
nikitafuta sijui nini. Khanga, labda.

Likoloma alipokabidhiwa katoni yake
aliuliza kama mnyama alikuwa na ugonjwa.
Nikamwambia hana.

Asubuhi orodha ilisomeka hivi:
Nachundu, Me, 24, kichwa, ajali ya bodaboda.
Paka, Ke, 999, taya.
Chilumba, Ke, 61, kifua.
Msimamizi akaweka kalamu kwenye mstari wa kati,
akauliza huyu amelipiwa na nani.
Nilifungua kinywa nimjibu,
nikakuta ulimi umeng'ang'ania
nyuma ya meno yangu ya juu.